Kutu kwenye sakafu na bodi ya Volkswagen Beetle: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya mwenye Beetle ya zamani anayetaka kuitengeneza mwenyewe, na ya yule anayeipeleka kwa fundi lakini anataka kujua kazi nzuri inafananaje. Mengi yanahusu Beetle ya kawaida ya miaka ya 1950 hadi 1970. Aina zinazotofautiana zina sehemu yake mwishoni.

## Kabla ya kukata chochote

1. Kwa nini Beetle huanza kuoza sakafuni?

Ni kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Chini kuna chasi yenye boksi refu la chuma linalopita katikati kama uti wa mgongo, na kila upande wa boksi hilo kuna nusu moja ya sakafu. Bodi nzima imekaa juu ya kingo za sakafu hiyo na kufungwa kwa bolti, na katikati yake kuna ukanda wa mpira. Mpira huo ukizeeka, maji ya barabarani hupenya kati ya bodi na sakafu, na hayana pa kutokea.

Maji mengine hutoka juu. Mipira ya milango na vioo hukaushwa na jua ikapasuka, mvua ikaingia, kapeti likalowa. Chini ya kapeti kiwanda kilibandika mabamba ya lami ya kupunguza kelele. Yakishaachia, hushika maji kama sifongo juu ya bati tupu. Magari yanayooshwa ndani kwa mpira wa maji huoza haraka kuliko yanayofagiliwa.

Halafu kuna betri. Imewekwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Tindikali na mvuke wake hula rangi kwanza, kisha bati, ndiyo maana kona ile ya nyuma kulia karibu kila mara ndiyo mbaya kuliko zote. Gari la Mombasa, Tanga au Unguja huongezewa chumvi ya hewa ya bahari, lakini hata gari lililoishi Arusha au Nakuru lina kona hiyo ya betri.

2. Nitajuaje kama ni kutu ya juu tu au bati limekwisha?

Macho hayatoshi. Toa viti, kapeti na mabamba yote ya lami. Lami hutoka kwa urahisi ikipashwa kidogo na hita ya mkono au ikigongwa ikiwa baridi ya asubuhi. Kwangua rangi nzito ya chini ya gari pia. Kisha chukua bisibisi ya zamani na nyundo ndogo. Bati zima hulia kwa mlio mkali. Lililooza hutoa mlio mfu, na ncha ya bisibisi huzama.

Pima kila mahali hapa: kona ya betri, sehemu za miguu mbele, ukingo wote wa nje wa sakafu, eneo linaloshika reli za viti, na maungio ya sakafu na boksi la katikati. Tumia chaki: duara kwa tundu, mstari kwa bati jembamba. Tegemea kuwa eneo bovu litakuwa kubwa kuliko lilivyoonekana siku ya kwanza. Kutu yenye vishimo vidogo ambayo haijatoboa, tazama swali la 22.

3. Sakafu yangu ina bati jipya lililochomelewa juu ya la zamani. Niiache?

Hapana, hata kama inaonekana imara. Kati ya mabati mawili kuna giza, unyevu na kutu ambayo hakuna brashi inayoifikia. Bati jipya litaliwa kutoka nyuma ndani ya muda mfupi. Tumeona sakafu zenye tabaka tatu, kila moja ikiwa imeoza. Huo uzito wa bati unamfanya mwenye gari aamini ana sakafu, na hana. Kata hadi ufikie chuma safi.

4. Nianze na sakafu au vizingiti vya milango?

Vizingiti. Kwenye Beetle kizingiti kilicho chini ya mlango si pambo. Ni boksi lenye uwazi ndani, linalopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini, na ndilo linaloshikilia nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa zisiachane. Nati za bolti zinazofunga bodi kwenye sakafu zimo ndani yake. Mtu akiweka sakafu mpya chini ya vizingiti vilivyooza, bolti hazitakuwa na pa kushika.

Wengi katika nchi zetu wameng'oa mabomba ya hita kwa kuwa hawahitaji joto, na wakadhani kizingiti nacho hakina kazi tena. Kazi yake kubwa ni kubeba bodi.

## Vifaa na bati

5. Nitumie bati la unene gani?

Kwa sakafu na vizingiti, bati jeusi la geji 18, yaani karibu milimita 1.2. Kwa madigadi, milango na mabati ya nje, geji 20, karibu milimita 0.9. Geji 16 ni nzito mno: haikubali kukunjwa vizuri, na weldingi inayoiyeyusha huwa imeshatoboa bati la zamani lililo pembeni yake.

Sakafu za kununua ambazo tayari zina mikunjo ni bora kuliko bati bapa, kwa kuwa ile mikunjo ndiyo inayoipa sakafu ugumu. Ukilazimika kutumia bati bapa, kunja angalau mifereji miwili au mitatu kwa kulipiga juu ya paipu ya duara, la sivyo litapiga kelele kama ngoma barabarani. Kabla ya kulipa, pima unene kwa kalipa. Zipo sakafu za bei rahisi zenye milimita 0.8, na hizo hazifai kubeba kiti chenye mtu.

6. Fundi wangu ana mashine ya vijiti tu. Inawezekana?

Kwa bati la milimita moja, kijiti cha kawaida hutoboa, na fundi anaishia kujaza matundu aliyoyatengeneza mwenyewe. Mashine inayofaa ni MIG (mashine ya weldingi inayosukuma waya yenyewe badala ya kijiti) yenye gesi, waya wa milimita 0.6 au 0.8. Gesi ya CO2 peke yake inafanya kazi, ila mchanganyiko wa agoni na CO2 hutoa mshono laini zaidi kwenye bati jembamba. Waya wenye unga ndani, usiotumia gesi, ni moto mno kwa mabati ya nje.

Gesi ya oksijeni na asetilini inaweza kufanya kazi nzuri sana mikononi mwa fundi hodari, lakini joto lake husambaa na kupinda bati pana. Kuchomelea kwa shaba kulizoeleka zamani. Tatizo lake ni kwamba mahali palipopita shaba, MIG haishiki tena vizuri, kwa hiyo atakayetengeneza baadaye atalazimika kukata eneo lote. Na kwenye kizingiti au maungio ya sakafu na boksi la katikati, shaba haina nguvu ya kutosha.

7. Naweza kutumia bati lenye zinki, kama la paa?

Bati la kuezekea, hapana: ni jembamba na gumu kukunjwa. Bati bapa lenye zinki la geji 18 linaweza kutumika, ila sharti usage zinki yote pande zote mbili, sentimita 3 kutoka mahali pa kuchomelea. Moshi wa zinki huleta homa, kutetemeka na maumivu ya kichwa saa chache baadaye, na weldingi yenyewe hujaa vitundu. Kwa kazi hii bati jeusi lililopakwa praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) vizuri linatosha.

8. Ni hatari gani nizijue kabla ya kuwasha mashine?

Moto ndio wa kwanza. Bomba la petroli la Beetle linapita *ndani* ya boksi la katikati, lile lile unalochomelea pembeni yake. Tangi liko mbele chini ya boneti. Toa tangi kabisa, litoe nje ya karakana, kisha mwaga na upulize bomba kwa hewa hadi harufu iishe. Ukingoja kulibadilisha baadaye, utakuwa unachomelea kando ya mvuke.

Ng'oa betri, viti, kapeti, lami na nyaya zilizo karibu. Rangi nzito ya chini ya gari huwaka ikidondosha matone ya moto, kwa hiyo ikwangue angalau sentimita 10 kila upande. Mtu wa pili asimame upande usiouona akiwa na kizima moto cha unga. Ukimaliza, kaa na gari nusu saa kabla ya kufunga, maana pamba na lami huweza kufuka moshi polepole kabla ya kulipuka.

Gari lisikae juu ya jeki hata dakika moja ukiwa chini yake. Tumia stendi.

## Sakafu na vizingiti

9. Lazima bodi ing'olewe kwenye chasi?

Kwa kiraka, hapana. Kwa nusu nzima ya sakafu, tunashauri bodi iinuliwe, hata kama ni sentimita 10 hadi 15 tu juu ya magogo, kwa sababu ukingo wa sakafu uko chini ya kizingiti na huwezi kuusafisha wala kuupaka rangi bodi ikiwa imeukalia. Ukanda wa mpira pia unabadilishwa hapo hapo.

Bolti za kingo ni za spana 13, na chache nzito zaidi, za spana 17, ziko mbele chini ya tangi, chini ya kiti cha nyuma na kwenye minara ya shokomzoba za nyuma. Zipulizie mafuta ya kulegeza jana yake, na tena asubuhi. Kabla ya kuinua, tenganisha fimbo ya usukani, nyaya za umeme, mabomba ya hita, mpira wa petroli, kebo ya spidomita na mabomba yanayounganisha kopo la mafuta ya breki na silinda kuu. Bodi tupu hubebwa na watu sita bila shida, lakini soma kwanza swali linalofuata.

10. Nifanye nini bodi isipinde?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Bodi ya Beetle bila sakafu na yenye vizingiti vibovu ni laini. Ukikata bila kuifunga, nguzo zitasogea milimita chache, na milimita chache zinatosha mlango usifunge tena.

Kabla ya kukata, milango ikiwa imefungwa, pima mwanya wa mlango kuzunguka kote na uandike. Kisha chomelea paipu za mraba za milimita 25, zenye ukuta wa milimita 1.5 au 2, ndani ya gari: moja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa kila upande, moja ya mshazari kuunda pembetatu, na mbili za kuunganisha upande wa kulia na wa kushoto. Ziweke ndani kiasi kwamba mlango unaweza kufunguka na kufungwa, kwa sababu mlango wenyewe ndio kipimo chako kazi nzima. Bandua paipu hizo siku sakafu na vizingiti vyote vimekwisha kuchomelewa na bodi imefungwa bolti, si kabla.

11. Hatua za kubadilisha nusu ya sakafu ni zipi?

Fanya upande mmoja hadi mwisho ndipo uguse wa pili. Boksi la katikati nalo liegemezwe kwa stendi mahali patatu, mbele, kati na nyuma, lisibonyee.

Kwanza pima sakafu ya zamani ikiwa bado ipo: umbali wa reli za kiti kutoka boksi, tundu za bolti, klipu za bomba la breki. Piga picha. Kisha kata sakafu kwa grenda, ukiacha kama sentimita 3 kando ya boksi, mbele na nyuma. Usikate kwa kina. Diski ikizama ndani ya boksi inaweza kugusa bomba la petroli au mirija ya kebo ya klachi na ya mafuta. Kipande kilichobaki kimeshikwa na madoa ya weldingi ya kiwandani. Yatafute kwa msasa, yatoboe kwa biti ya milimita 8 hadi tabaka la juu tu, na uachanishe kwa patasi nyembamba. Mdomo wa boksi unaobaki lazima uwe mzima.

Sasa jaribu sakafu mpya. Itahitaji kusagwa hapa na pale, na hilo ni la kawaida. Shusha bodi juu yake na uingize bolti zote kwa mkono kabla ya kuchomelea hata nukta moja. Wanaoruka hatua hii hugundua mwishoni kwamba tundu zimehama kwa milimita 6.

Ikikaa sawa, inua tena. Toboa tundu za milimita 6 kwenye ukingo wa sakafu mpya, moja kila sentimita 3, yaani kama 33 kwa kila mita. Paka praima ya zinki kwenye nyuso mbili zitakazokutana, kisha isafishe pale tu tundu lilipo. Bana kwa klempu na skrubu, maana pengo la hata nusu milimita hufanya weldingi ijaze hewa. Jaza tundu moja katikati, moja mbele, moja nyuma, kisha endelea ukiruka ruka. Kila tundu linaanzia katikati ya chuma cha chini na kuzunguka kuelekea ukingoni. Jaribu kwanza kwenye vipande viwili vya bati chakavu. Ukivichana kwa patasi, chuma kinapaswa kuraruka, si weldingi kubanduka.

Kinachofuata ni praima ya epoksi juu na chini, silanti (gundi laini ya kuziba maji) kwenye maungio yote, rangi, mpira mpya, na bodi kushushwa. Kaza bolti kwa zamu, kushoto na kulia, mbele na nyuma.

12. Tundu ni dogo kama kiganja. Kiraka kinatosha?

Ndiyo, kama chuma kinachozunguka ni kizima kwa sentimita 5 kila upande. Kata eneo bovu kwa umbo lenye kona za duara, kwa kuwa kona kali huanzisha ufa. Kiraka kikae sawa sawa na bati, kingo zikikutana kwa mwanya wa milimita moja, si kimoja juu ya kingine. Viraka vitatu vikikaribiana kwenye nusu moja, badilisha nusu nzima. Itachukua muda mfupi kuliko kushona viraka.

13. Sakafu za miaka yote zinaingiliana?

Hapana. Tofauti kubwa ni reli za viti: magari hadi modeli ya 1972 yana mfumo mmoja, na kuanzia modeli ya 1973 viti hushikwa kwa namna nyingine. Peleka vipimo na picha ya reli zako kwa muuzaji, usipeleke mwaka tu, kwa sababu magari mengi ya huku yamechanganywa.

Sakafu nyingi za bei nafuu huja bila reli wala kishikio cha jeki. Reli za zamani zikiwa nzima zitolewe na kuhamishwa. Kiti cha dereva kinachoegemea reli iliyoshikwa kwa nukta tatu za weldingi kinaweza kung'oka wakati wa kufunga breki kwa nguvu.

14. Vizingiti vinabadilishwaje?

Kimoja kimoja, paipu za swali la 10 zikiwa mahali pake. Ukingo wa chini wa nguzo zote mbili huwa umeoza pamoja nacho, kwa hiyo andaa vipande vya kuongezea nguzo. Kizingiti kipya kifungwe kwa bolti kwenye sakafu kwanza, mlango ufungwe na mwanya ulinganishwe na ulioandika, *ndipo* kichomelewe kwenye nguzo. Vizingiti vya kununua visivyo na nati ndani vipo vingi. Hivyo usivichukue.

15. Kichwa cha chasi kimeoza. Ni kazi ya nyumbani?

Kichwa cha chasi, pale mbele ambapo ekseli ya mbele imefungwa kwa bolti nne, ni jambo jingine. Bati lake la chini huoza kwa sababu tope hukaa juu yake. Bati hilo la chini peke yake linaweza kubadilishwa na fundi makini. Kichwa kizima kinahitaji fremu ya kupimia, kwa sababu kikikaa mshazari hata kidogo, gari litavuta upande mmoja na tairi zitaisha bila sababu. Magari ambayo yamepita sana barabara mbovu hukutwa na nyufa hapo pia, si kutu tu. Beetle zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na ni kweli gari hili linastahimili, lakini kichwa cha chasi kina mwisho.

## Mabati ya nje

16. Bolti za madigadi zinazunguka bila kutoka. Nifanyeje?

Nati iliyo ndani ya bodi imeachia. Usiendelee kuzungusha. Kata kichwa cha bolti kwa grenda, toa digadi, kisha shughulikia nati ukiwa na nafasi. Kwa zile ambazo hazijazunguka, mafuta ya kulegeza usiku mzima, kisha kaza kidogo *kabla* ya kulegeza. Baada ya kutoa zote, pitisha tepu ya M8 (chuma cha kusafishia nyuzi za nati) kwenye kila nati na upake grisi bolti mpya.

Ule ukanda wa plastiki kati ya digadi na bodi uwekwe baada ya kupaka rangi, digadi ikiwa imelegezwa. Ukipakwa rangi pamoja, rangi itapasuka kwenye mstari huo na maji yataingia.

17. Chini ya milango kumeoza, ingawa juu ni kuzuri. Kwa nini?

Maji hupita kwenye mpira wa kioo na kushuka ndani ya mlango. Hilo ni la kawaida, na mlango una tundu za kuyatoa chini. Tundu zikizibwa na vumbi, au fundi rangi akizijaza puti, maji hubaki. Kata ukanda wa sentimita 8 hadi 10 kutoka bati la nje, tengeneza ukingo wa ndani, weka bati jipya na ukunje ukingo wake. Zibua tundu. Rudisha na karatasi ya nailoni nyuma ya ubao wa mlango. Karibu kila gari tunaloliona limeikosa, na ndiyo inayozuia maji yasifike ndani.

18. Bati limejikunja kama wimbi baada ya kuchomelea. Linarudi?

Mara nyingi linarudi kwa kiasi. Mshono unapopoa hujivuta, na bati pana hukosa pa kwenda. Saga mshono usawa, kisha ugonge mshono wenyewe taratibu kwa nyundo, ukiwa umeegemeza chuma kizito nyuma, ili uutanue. Usigonge lile bonde lililo pembeni, utalizidisha.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: nukta moja, ruka sentimita 10, nukta nyingine, na usirudi karibu hadi mkono uweze kugusa hapo bila kuungua. Mlango mmoja unaweza kuchukua asubuhi nzima kwa namna hii, na huo ndio muda wake halali.

19. Puti inaruhusiwa?

Inaruhusiwa kulainisha, si kujaza tundu. Kikomo ni milimita 2 hadi 3 baada ya msasa. Puti hunywa maji, kwa hiyo iwekwe juu ya praima ya epoksi, si juu ya bati tupu. Kigumishi ni karibu asilimia 2 kwa uzito. Kwenye joto la Dar es Salaam changanya kidogo kidogo, kwa kuwa itaganda ndani ya dakika chache, na usipunguze kigumishi chini ya asilimia 1 ili upate muda, maana haitakauka ndani.

Ukikagua gari la kununua, pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Inapoacha kushika, kuna puti nene au faiba.

20. Na faiba au riveti?

Kwenye sakafu na vizingiti, hapana kabisa. Faiba haibebi uzito wa bodi wala kiti, na kutu inaendelea nyuma yake bila kuonekana. Riveti huacha mwanya wa maji kila tundu. Digadi la faiba linakubalika, kwa kuwa halibebi kitu.

21. Kuna malengelenge kuzunguka kioo cha mbele. Nipake juu tu?

Toa kioo. Lengelenge la ukubwa wa punje ya mchele kwenye ukingo wa mpira kwa kawaida lina kutu ya urefu wa kidole chini ya mpira. Tundu ndogo zikatwe na kujazwa bati, si puti, na mpira wa kioo uwe mpya. Maji ya hapo ndiyo yanayoshuka nyuma ya dashibodi hadi sehemu za miguu, kwa hiyo sakafu mpya chini ya kioo kinachovuja ni hasara.

## Kuzuia isirudi

22. Dawa ya kubadilisha kutu inafanya kazi?

Inafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana na kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki ndani. Toa kwanza kutu yote inayobanduka kwa brashi ya waya. Dawa zenye asidi ya fosforiki huacha uso wa kijivu au mweusi. Zisafishe na kuzikausha kama chupa inavyoelekeza, kwa sababu asidi iliyobaki chini ya rangi huinyanyua. Hakuna dawa inayorudisha bati lililokwisha.

23. Oili chafu au lami chini ya gari inasaidia?

Oili chafu huzuia kutu kwa muda, kisha hushika vumbi likawa tope linalotunza unyevu. Pia huoza mipira, huchafua breki, na hakuna rangi itakayoshika hapo tena. Lami hukauka, hupasuka na kuachia, na maji hukaa kati yake na bati kama vile mabamba ya swali la 1. Mpangilio unaodumu ni epoksi, silanti ya maungio, kisha rangi nzito inayobaki na unyumbufu. Ikaguliwe kila mwaka baada ya mvua za masika.

Silikoni ya bafuni usiiweke popote. Aina yake ya kawaida hutoa asidi inapokauka, na chuma kinapata kutu chini yake.

24. Ndani ya vizingiti, ambako mkono haufiki?

Nta ya kupuliza, yenye mrija mrefu wenye tundu pembeni mwa ncha. Nusu lita kwa kila kizingiti inatosha. Ingiza mrija hadi mwisho na uvute polepole huku ukipuliza. Ifanywe *baada* ya weldingi yote, kwa kuwa nta huwaka, na gari lilazwe juani siku moja ili itambae. Acha tundu za kutolea maji wazi.

## Hali za pekee

25. Namba ya chasi iko wapi, na itaguswa?

Imegongwa juu ya boksi la katikati, chini ya kiti cha nyuma. Kubadilisha nusu za sakafu hakuigusi. Usisage eneo hilo, funika kwa tepu. Kama chasi nzima inabadilishwa, zungumza na mamlaka ya usajili kabla ya kazi, si baada. Kuhamisha kipande chenye namba kutoka chasi moja kwenda nyingine ni kosa.

26. Maelezo haya yanafaa Beetle aina ya 1302 na 1303, Beetle ya turubai na Kombi?

1302 na 1303 zina mfumo tofauti wa springi na shokomzoba mbele, kwa hiyo kichwa cha chasi ni cha aina nyingine, lakini sakafu na vizingiti hufuata utaratibu huu. Gari la turubai halina paa la kuisaidia bodi, na limeongezewa vyuma vya nguvu chini ya vizingiti. Bila vyuma hivyo na bila paipu za swali la 10, litakunjika katikati. Kombi haina bodi inayofunguka bolti kutoka kwenye chasi, basi maswali ya 9 na 11 hayaihusu.

27. Gari liliingia maji ya mafuriko au ya bahari. Nina muda gani?

Siku chache. Ng'oa viti na kapeti siku hiyo hiyo. Suuza kwa maji baridi mengi yasiyo na chumvi, ikiwemo ndani ya vizingiti na boksi la katikati, kisha kausha kwa hewa ya kompresa. Boksi la katikati husahaulika kwa kuwa limefunikwa, na kebo zilizo ndani hushika kutu kabla ya bati.

28. Kazi imekwisha, na milango haifungi. Nianzie wapi?

Usianze na bawaba. Legeza bolti zote za bodi, kaza upya kwa zamu, uone kama mwanya unabadilika. Mlango ukining'inia upande wa kitasa, bodi imelegea katikati: weka jeki yenye ubao chini ya kizingiti, karibu na nguzo ya bawaba, inua milimita chache na utazame. Mwanya ukirudi sawa, kuna mahali bodi haijaikalia sakafu, mara nyingi kwa sababu ya mpira uliojikunja au mshono uliovimba. Usiporudi, kizingiti kilichomelewa bodi ikiwa imepinda. Hapo hakuna njia ya mkato. Rudisha paipu, toboa madoa ya nguzo ya kitasa, rekebisha kwa mlango, na uchomelee upya.